Gia boksi ya auto inateleza? Usikimbilie kuishusha

Mzee mmoja aliniletea Toyota Hilux Surf yake ya miaka ya 90, injini ya dizeli ya 1KZ. Akipanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, injini inanguruma lakini gari haliendi. Gereji nyingine hapa Arusha ilishamwambia gia boksi imekufa. Nikamwambia, mzee, tupime kwanza.

1. Taa ya O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kwenye dashibodi. Ikipepesa yenyewe ukiwa barabarani, kompyuta imeona kosa. Unga pini za TE1 na E1, kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti, kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, O/D iwe ON, hesabu mipepeso (minne, kimya kidogo, kisha miwili ni 42). 42 na 61 ni sensa za spidi. 62 na 63 solenoidi (valvu za umeme) za kubadili gia. 64 ya lokapu (inayofunga injini na gia boksi zizunguke pamoja). Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, umeme hauna kosa. Mashine za kisasa za kupimia achana nazo, gari hizi waya unatosha.

2. Oili ya gia boksi. Hapa nilipoteza siku nzima nilipokuwa naanza ufundi. Nilipima asubuhi, gari la baridi, nikasoma alama ya HOT (ya oili ya moto) kwenye kijiti cha kupimia, nikaona pungufu, nikaongeza lita nzima. Oili ilipopata moto ikapanda, ikapigwa povu, gia zikateleza kuliko mwanzo. Nikabaki nalaumu solenoidi hadi jioni!

Kwa hiyo: endesha kwanza, kwa mfano hadi Usa River na kurudi. Kama limetoka kuvuta mzigo, lipumzishe nusu saa. Egesha patambarare (kwa miinuko yetu hii, mimi huomba sakafu ya sheli). Injini ikiwaka kwa sailensa (bila kukanyaga mafuta), kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L, rudi P. Injini usizime. Futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana uzi mmoja unaweza kukwamisha valvu. Chomeka, chomoa, soma HOT.

Kisha nusa. Kahawia yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zimeungua. Ya pinki kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, usiliendeshe tena.

3. Kebo ya gia boksi (inayovutwa ukikanyaga mafuta). Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho. Kati ya mdomo wa raba na kizuizi cha kebo pawe milimita 0 hadi 1. Ya mzee ilikuwa imelegea, presha ya oili ikawa ndogo, ndiyo maana iliteleza kwenye mzigo. Nati mbili tu, dakika kumi.

4. Sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi). Ifungue tu kama yote hayo ni mazima. Weka stendi, usiamini jeki. Pima oili uliyomwaga, rudisha kiasi kilekile, kisha rudia hatua ya 2. Vumbi laini kwenye sumaku ya ndani ya sampu ni kawaida; ukikuta vipande vya chuma, sasa shusha gia boksi.