Kuandaa na Kusia Mbegu za Miti Nyumbani: Mwarobaini, Mkongo na Mlusina

Mbegu nyingi za miti hushindwa kuota si kwa kuwa ni mbovu, bali kwa kuwa zimeandaliwa kinyume cha maumbile yake. Anayetaka kuanzisha kitalu kidogo uani hana budi kutambua kwanza kama mbegu aliyonayo ina ganda gumu lisilopitisha maji, au ni ya aina inayokufa mapema ikihifadhiwa.

Mwarobaini ni wa aina hii ya pili. Okota matunda yaliyoiva na kugeuka manjano, uyamenye siku hiyohiyo, kisha uyasugue ndani ya maji pamoja na mchanga kidogo hadi utelezi wote utoke, kwa maana nyama ya tunda ikibaki huvunda na kuozesha mbegu. Zianike kivulini juu ya gunia kwa siku 2 au 3, wala usizifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kwa kuwa uwezo wake wa kuota hushuka ndani ya wiki chache, ni afadhali kusia konzi moja iliyookotwa juzi kuliko kununua kilo nzima isiyojulikana imekaa ghalani tangu lini.

Mkongo, unaoitwa mbambakofi katika pwani ya Kenya, una tabia tofauti kabisa. Mbegu yake nyeusi, yenye kikofia cha rangi ya machungwa upande mmoja, huweza kukaa kavu kwa miaka kadhaa na bado ikaota. Bandua kikofia hicho, kisha ukwaruze ncha ya upande wa pili kwa tupa au msasa mpaka weusi uondoke na rangi hafifu ya ndani ianze kuonekana. Ukifika hapo, acha. Upande wa kikofia usiguswe kwa tupa, kwa sababu ndiko chipukizi linakotokea. Baada ya hapo loweka usiku kucha. Iliyopenywa na maji itakuwa imevimba waziwazi, na ile iliyobaki vilevile ikwaruzwe tena.

Mbegu za mlusina nazo zina ganda gumu, ila ni ndogo mno kukwaruzwa moja moja, hivyo hutumika maji ya moto. Chemsha maji, ipua sufuria, yamimine juu ya mbegu yakiwa mengi kuzizidi mara kadhaa, uziache zipoe humohumo hadi asubuhi. Zisichemshwe zikiwa jikoni, kwani zitaiva. (Mlusina huenea wenyewe kwa kasi, kwa hiyo haufai kupandwa karibu na msitu wa asili.)

Jaza viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) kwa mchanganyiko wa sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 1 ya samadi iliyooza vizuri na sehemu 1 ya mchanga, na uhakikishe vina matundu chini. Mwagilia siku moja kabla ya kusia. Kina kisizidi mara mbili ya unene wa mbegu. Mbegu kubwa kama ya mkongo ilazwe ubavu na kufunikwa kidogo tu. Tandaza nyasi kavu juu, lakini ziondoe mara chipukizi zinapojitokeza, la sivyo zitarefuka na kupinda.

Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, asubuhi, pasipo kutuamisha maji. Miche michanga ikinyong'onyea usawa wa ardhi na kuanguka, huo ni ugonjwa wa kinyausi: punguza maji, ongeza hewa, na uing'oe iliyougua. Kila baada ya wiki chache inua viriba ukate mizizi iliyotokeza chini, kabla haijajichimbia ardhini. Mwezi mmoja kabla ya mvua za kupandia, punguza kivuli na maji hatua kwa hatua ili miche izoee jua kali la shambani.