Jinsi ya kumpata poni wa mtoto, na kumtunza asiharibike tabia

Ukienda kumwangalia poni, yaani farasi wa aina fupi, unayetaka kumpandisha mtoto, mwombe mwenyewe asimtandike kabla hujafika. Mkute malishoni, katika hali yake ya kila siku. Mengi unayohitaji kuyajua utayaona kati ya lango na banda. Je, akiitwa huja, au hugeuza mgongo? Akiwekewa hatamu huinamisha kichwa, au hukiinua juu mtoto asikifikie? Akiongozwa hufuata kamba ikiwa imelegea, au humkokota mtu kuelekea penye majani?

Mimi nimekulia juu ya migongo ya poni, na ukubwani nimefundisha watoto wengi kupanda. Katika miaka yote hiyo kipimo changu ni kimoja: poni wa kutegemewa hajulikani kwa mwendo wake mtoto anapopanda vizuri, hujulikana kwa anachokifanya mtoto anapokosea. Na mtoto atakosea kila siku. Atavuta vigwe, zile kamba za kumwongozea poni, ili ajishikilie, atamgonga visigino bila kukusudia, atapiga kelele, ataegemea upande. Poni anayefaa huyajibu yote hayo kwa namna moja: hupunguza mwendo, na mambo yakizidi husimama.

Subira alikuwa wa namna hiyo. Alikuwa jike wa kijivu ambaye kwa umri alikwisha kuwa mweupe kabisa, mfupi, mwenye shingo nene iliyonukia vumbi na jua. Mtoto akianza kuteleza kushoto, Subira alisogeza mabega kushoto, na mtoto akajikuta yuko katikati ya tandiko tena. Kuteleza kukizidi, alisimama, akageuza sikio moja nyuma na kungoja. Juu yake ndipo nilipojifunza kwenda telki, mwendo wa haraka kuliko kutembea, nikirushwarushwa na kucheka, na hakuna siku aliyoniadhibu kwa kumvuta mdomo. Ngozi ya farasi huhisi hata nzi akitua, kwa hiyo uzito wa mtoto ukihama kidogo tu, kwake ni habari kubwa. Poni mchanga habari hiyo humtisha. Poni aliyebeba watoto kwa miaka anajua maana yake.

Ndiyo maana nakusihi utafute umri. Poni wa miaka 12 hadi 20 ndiye wa mtoto anayeanza. Wengi huishi kupita miaka 25, na wapo wanaofika 30 na zaidi, kwa hiyo mvi za kuzunguka macho zisikuogopeshe, mradi miguu na meno ni mazima. Wapo wazazi wanaonunua poni wa miaka mitatu wakisema atakua pamoja na mtoto. Nimesimama mbele ya wazazi hao na kuwaomba wasifanye hivyo, na nitaendelea kuwaomba. Mmoja kati ya wawili hao lazima awe anajua kazi.

Kuhusu kimo, poni kwa kawaida ni yule asiyezidi sentimita 148, ukimpima kuanzia ardhini hadi pale shingo inapokutana na mgongo. Poni wa aina ya Shetland hazidi sentimita 107, lakini usimdharau. Katika karne ya 19 poni wa aina hiyo walivuta magari ya makaa ndani ya migodi ya Uingereza. Kwa mtoto mdogo, nguvu haisumbui kama unavyosumbua upana. Poni mpana mno humpanua mtoto miguu mpaka isishike chochote. Mchague mwenye mbavu nyembamba ambazo miguu mifupi inaweza kuzikumbatia. Usinunue mkubwa kwa matumaini kwamba mtoto atamfikia. Kadirio linalotumiwa sana ni kwamba mtoto na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito wa poni. Poni wa kilo 200 asibebe zaidi ya kilo 40.

Siku ya kumjaribu, apandwe kwanza na mtu wa upande wa muuzaji. Asiyekubali kumpanda poni wake mwenyewe amekwisha kukujibu. Kisha mwongoze wewe kwa miguu, na mtoto wako apande mwisho. Mpeleke poni mbali na wenzake uone kama atakataa kuondoka langoni. Wakati wa kurudi nyumbani tazama kama anatembea au anakazana. Angusha koti karibu naye. Ngojeni gari lipite. Mguse masikio, tumbo na mkia, mwinue kila mguu, halafu mwache mtoto amwinue. Rudi siku nyingine, saa nyingine, kabla hujatoa pesa. Daktari wa mifugo utakayemchagua mwenyewe ampime na achukue damu ihifadhiwe, kwa sababu dawa ya kutuliza au ya maumivu inaweza kumfanya poni yeyote awe mpole kwa siku moja.

Poni walio bora kabisa mara nyingi hawatangazwi. Hupita kutoka mkono hadi mkono. Waulize walimu wa kupanda, waulize mafundi wa kwato. Hao wanajua nyumba gani ina mtoto ambaye miguu yake imeanza kuning'inia chini ya tumbo la poni wake. Karafuu alikuja kwetu kwa njia hiyo.

Karafuu alikuwa kahawia, mwenye kishungi, yaani nywele za paji, kilichomfunika macho yote mawili, na alipenda majani kuliko kitu chochote duniani. Angetembea kwa adabu, kisha kichwa kikashuka ghafla na mtoto akateremka shingoni hadi chini. Dawa yake ni kamba mbili nyembamba, moja kila upande, kutoka kwenye pete ya lijamu, chuma cha mdomoni, kupitia ukanda wa paji la uso, hadi kwenye pete ya mbele ya tandiko. Urefu wake umruhusu kubeba kichwa kawaida lakini asifike ardhini. Kasoro kama hiyo naikubali. Naikubali pia ya kuvimbisha tumbo wakati wa kukaza mshipi wa tandiko: kaza kidogo, mtembeze, kaza tena, na rudia mtoto akiwa juu. Uvivu naukubali kwa furaha. Kupiga teke, kuuma, kusimama kwa miguu ya nyuma na kutoroka kwa shoti, hayo siyakubali kwa bei yoyote ile, hata mtoto akilia.

Vifaa vya mtoto ni vichache: helmeti inayokaa barabara, kiatu chenye kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku, na vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, vyenye ukanda wa mpira upande wa nje, unaofyatuka mtoto akianguka. Mimi naongeza ukanda wa ngozi shingoni mwa poni. Subira alikuwa nao siku zote, ukanda wa zamani wa kikuku, laini kwa kushikwa na mikono mingi. Mtoto akipoteza mizani hushika ukanda, na mdomo wa poni unasalimika. Ukichukua jambo moja tu katika maelezo yangu, chukua huo ukanda.

Sasa, utunzaji. Poni mzuri akianza ghafla kuwa mkorofi, kabla hujamwita mbaya, tafuta maumivu. Tandiko linabana? Meno yana ncha zinazochoma shavu? Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwato zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Poni wa mviringo tandiko huteleza mbele hadi mabegani na kumuumiza. Ukanda unaopita chini ya mkia hulizuia. Chanjo ya pepopunda asiikose, kwa kuwa farasi hushikwa upesi na ugonjwa huo.

Lakini adui mkubwa wa poni ni shibe. Poni wengi wametokana na wanyama wa visiwani na nyika zenye majani makavu na haba, na miili yao huhifadhi kila tonge. Ukimwachia malisho mabichi yenye sukari nyingi, anaweza kupata laminitisi: tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huharibika, na katika hali mbaya mfupa hugeuka na kushuka. Ni maumivu makali mno, na yanaweza kumuua. Jifunze dalili zake. Poni husimama amejiegemeza nyuma kuipumzisha miguu ya mbele, hataki kugeuka, kwato zina joto, na mshipa wa damu nyuma ya kifundo unapiga kwa nguvu. Mwite daktari siku hiyo hiyo, mtandikie matandazo mengi laini, wala usimtembeze.

Kuzuia ni kazi ya mkono wako. Kila wiki papasa mbavu: uzihisi kwa urahisi bila kuziona. Papasa na ukingo wa juu wa shingo. Ukiwa mgumu kwa mafuta, punguza malisho. Anayepunguzwa mwili hupewa kama asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku katika nyasi kavu, yaani kilo 3 kwa yule wa kilo 200, zikiwa zimelowekwa majini ili sukari ipungue na kugawanywa asikae tumbo tupu. Usimfungie chakula kabisa. Poni mnene akinyimwa ghafla, mafuta hufurika katika damu yake, na hilo nalo huua.

Kazi nayo imtunze. Kutembea kila siku kunamfaa kuliko kusimama wiki nzima na kukimbizwa siku ya mapumziko. Mwanzoni mshike kamba wewe, hata mtoto akijiona yuko tayari. Mfundishe mtoto kusema kabla ya kukaribia na kufika kwa upande wa bega, kwa sababu farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho mbele ya paji lake karibu. Na poni asikae peke yake. Akikosa farasi mwenzake, punda hufaa.

Siku itafika mtoto atakuwa mrefu. Subira hatukumtoa, alibaki na kazi ya kuwatembeza wadogo kabisa kwa kamba, kisha akapumzishwa, akilishwa chakula kilicholowekwa kwa kuwa meno yalikwisha. Ukimtoa wako, mpeleke na tandiko lake linalomkaa, na uandikiane na wapokeaji kwamba wakimchoka atarudi kwako kwanza. Karafuu alipotuhama tulimwandikia mtoto aliyefuata ukurasa mzima: anafungua fundo la kawaida kwa meno, kwa hiyo pitisha ncha ya kamba ndani ya kitanzi, anaogopa miavuli lakini si matrekta, anapenda kukunwa chini ya kishungi, upande wa kulia, na akifika kwenye mti wa kwanza baada ya lango, kaza miguu na utazame mbele, maana hapo ndipo atakapojaribu majani.