Choya: kulinda rangi yake kuanzia shambani hadi jikoni

Mnunuzi wa choya kavu, awe muuza juisi wa soko la Majengo mjini Dodoma au mtengeneza divai, halipii uzito peke yake. Analipia wekundu na uchachu. Magunia mawili yaliyotoka shamba moja yanaweza kupishana bei kwa sababu moja limebaki na rangi ya damu ya mzee na jingine limegeuka kahawia. Na mara nyingi hasara hiyo haitokani na mbegu wala ardhi. Inatokea baada ya kuvuna, kwenye karai la kuoshea, kwenye turubai la kuanikia na kwenye sufuria.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, ni ndugu wa bamia na pamba. Sote tunasema "maua ya choya", lakini ua lenyewe ni lile la manjano mpauko lenye jicho jekundu katikati, linalochanua asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Tunachovuna ni magamba manene mekundu yanayobaki yamekizunguka kitumba cha mbegu. Wekundu wake unaletwa na anthosianini, rangi za kundi lilelile lililomo kwenye ganda la zabibu nyekundu za Makutupora. Rangi hizi huyeyuka kwenye maji, huchoshwa na joto, mwanga na hewa, na hubadilika kufuatana na uchachu wa kitu zilichomo.

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote kwa mpishi, na ni rahisi kuiona. Weka kijiko cha juisi ya choya isiyo na sukari kwenye sahani nyeupe, kisha nyunyiza magadi kidogo, yaleyale ya kupikia mlenda. Wekundu utageuka zambarau, halafu bluu iliyofifia, na ukizidisha magadi utaishia kwenye kijani kichafu. Kamulia limau upesi na wekundu unarudi, lakini ukichelewa haurudi wote. Jaribio hilihili linakusaidia sokoni: juisi iliyotiwa rangi nyekundu ya dukani kwa kawaida hubaki nyekundu hata baada ya magadi.

Shambani

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Choya huanza kutoa maua siku zinapofupika, iwe imekua vya kutosha au bado. Ndiyo maana anayepanda mwishoni mwa Februari hupata vichaka vifupi vyenye maua ya kuhesabika. Panda mvua za kwanza zikishatulia, mbegu 3 kwa shimo, kina cha sentimita 2, nafasi ya mita 1 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mashimo. Miche ikifika kimo cha kiganja, punguza ubaki mmoja. Machipukizi unayong'oa usiyatupe, ni mboga nzuri ya karanga.

Samadi iliyooza inatosha. Mbolea nyingi ya kukuzia hujaza majani na kuchelewesha maua, na ukiona shamba la choya limesimama kijani kibichi mwezi wa nne bila vitumba, sababu ni hiyo au kuchelewa kupanda. Usiipande palipotoka bamia au pamba, kwa sababu kangambili, vidung'ata na minyoo ya mizizi hushambulia zote tatu.

Kuvuna na kutoa vitumba

Vuna magamba yakiwa manene, yanavunjika kwa mlio ukiyakunja, na kitumba cha ndani bado kijani. Hapo ni kama wiki mbili hadi tatu tangu ua lilipodondoka. Kitumba kikianza kukauka na kupasuka, magamba yanakuwa na nyuzi, yanapungua uchachu na yanapauka. Maua hayaivi pamoja, kwa hiyo pita shambani kila baada ya siku 5 hadi 7 badala ya kukata mti mzima. Anayekata mti mzima anaokoa nguvu, lakini gunia lake linachanganya maua machanga na yaliyokomaa, na rangi ya mchanganyiko huo haisawaziki tena.

Vuna umande ukishakauka, na tumia mkasi. Ukinyofoa kwa mkono unachana gome, na shina lililochanika hupata ugonjwa kirahisi.

Kama kuna vumbi, osha maua yakiwa mazima, kabla ya kutoa vitumba. Yatumbukize kwenye maji safi, yageuze mara mbili tatu, yatoe, yatandaze yachuruzike. Ukiosha baada ya kutoa vitumba, maji yanaingia kwenye jeraha na rangi inatoka. Karai lenye maji mekundu baada ya kuosha maana yake umeanza kumwaga bidhaa yako. Kuosha maua yaliyokwisha kukauka ni vibaya zaidi, na hakuna sababu ya kufanya hivyo kama yalianikwa pasafi.

Kutoa kitumba kwa kisu ni kazi ndefu na vidole vinachoka. Tafuta kipande cha bomba la chuma cha pua cha urefu wa sentimita 15 hivi, kipenyo kinachokaribiana na kitumba, noa mdomo wake mmoja. Kandamiza kwenye kikonyo, zungusha, sukuma. Kitumba kinatokea upande wa pili na magamba yanabaki yameshikana, jambo linalopendwa na wanunuzi. Bomba la chuma cha kawaida huacha weusi kwenye sehemu iliyokatwa, kwa sababu asidi ya choya inakutana na chuma.

Kukausha

Jua la Dodoma mwezi wa Mei na Juni ni zawadi na ni mtego. Hewa ni kavu, upepo upo, maua yanakauka bila shida. Lakini ukiyaacha juani mchana kutwa kwa siku nyingi, mwanga unakula rangi ya juu, na upepo uleule unaleta vumbi ambalo hakuna chujio litakaloliondoa kabisa kwenye juisi.

Tengeneza chanja za wavu wa plastiki kwenye fremu za mbao, ziinue walau sentimita 80 kutoka ardhini, na ziweke chini ya kivuli chenye hewa au chini ya kitambaa chembamba cheusi. Tandaza tabaka moja, kilo 3 hadi 4 za maua mabichi kwa kila mita ya mraba. Wengi hurundika wakidhani wanaokoa nafasi, kumbe maua ya chini yanachemka kwa unyevu wake, yanachacha na kutoa harufu ya pombe. Geuza asubuhi na jioni. Usiku ingiza ndani au funika, maana maua yaliyonusa umande usiku mmoja hurudi nyuma siku nzima. Kwa hali nzuri yanakauka kwa siku 3 hadi 5. Ukitumia kaushio la jua la nailoni, hakikisha joto la ndani halizidi nyuzi 60 za selsiasi, na acha matundu ya kutolea mvuke, la sivyo utakuwa unayapika.

Kilo 7 hadi 10 za magamba mabichi hutoa kilo 1 kavu. Ukipata zaidi ya hapo usifurahi mapema, huenda bado yana maji. Yapime hivi: jaza chupa ya kioo, funga kizibo, iache usiku kucha ndani ya nyumba. Asubuhi ukikuta ukungu wa maji kwenye kioo, au maua yamelegea na hayavunjiki kwenye kingo, yarudishe kwenye chanja.

Hifadhi kwenye mfuko wa nailoni nzito ndani ya gunia au boksi, mahali pa giza na baridi, juu ya chaga. Pakiti zinazopitisha mwanga zikining'inizwa kibandani juani, wiki chache zinatosha kuzipausha. Unga wa choya hunyonya unyevu na kupoteza rangi haraka kuliko maua mazima, kwa hiyo saga kiasi cha oda tu.

Maji na sufuria

Hapa ndipo watu wa kanda ya kati wanapoteza bila kujua. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi na chokaa, ile inayoganda nyeupe ndani ya birika. Maji hayo hupunguza makali ya asidi na juisi hutoka na wekundu wa kufifia, wakati mwingine ikielekea zambarau. Dawa ni kuyachemsha kwanza, kuyaacha yatulie, kumimina ya juu na kuacha mashapo chini. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa ni bora zaidi. Kama huna namna, maji ya limau vijiko 2 vya chakula kwa lita 2 yatarudisha rangi.

Sufuria za alumini tulizozoea hazifai kwa kuloweka choya muda mrefu, maana asidi huzila. Chuma na shaba huifanya rangi kuwa nyeusinyeusi. Tumia chuma cha pua, enameli isiyobanduka au kioo.

Jikoni

Juisi. Chemsha maji lita 2, epua, kisha ndipo utie maua makavu gramu 50 na tangawizi iliyopondwa gramu 20. Funika dakika 15 hadi 20, chuja kwa kitambaa safi, weka sukari gramu 150 hadi 200. Kosa la kila siku ni kuchemsha maua nusu saa nzima ili "yatoe yote". Yanatoa yote, pamoja na ukakasi, na rangi inageuka kahawia. Ukiwa na friji, loweka kwenye maji ya baridi yaliyochemshwa usiku kucha. Rangi inatoka angavu na harufu inabaki. Kwenye friji juisi ikae siku 3, si zaidi.

Sirapu. Loweka gramu 200 kwenye maji ya moto lita 1.5, kamua upate kama lita 1, tia sukari kilo 1, chemsha dakika 5, jaza kwenye chupa zilizochemshwa ikiwa bado ya moto. Kipimo 1 cha sirapu kwa vipimo 4 vya maji.

Jemu hupendeza zaidi kwa maua mabichi, na siri iko kwenye vile vitumba vya kijani vinavyotupwa. Vichemshe peke yake kwa maji ya kuvifunika kwa dakika 20, chuja. Maji hayo ya mtelezo yana pektini, ndiyo inayogandisha. Yatumie kupikia magamba kilo 1 hadi yalainike, ongeza sukari kilo 1, chemsha kwa moto mkali. Dondosha tone kwenye sahani baridi. Likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, epua.

Ubuyu wa rangi ndio mahali ambapo choya inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Mibuyu tunayo, na ubuyu wenyewe ni mchachu, kwa hiyo rangi ya choya inatulia humo bila msaada. Loweka gramu 60 za maua kwenye nusu lita ya maji ya moto, kamua. Pika maji hayo na sukari gramu 600 hadi yaanze kunata, tia hiliki kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko na chumvi kidogo. Mimina ubuyu kilo 1, punguza moto, koroga hadi kila punje ishike. Mwishoni kabisa, ukishaepua, nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya unga wa choya uliochekechwa. Unga huo haujapita kwenye moto, ndio unaobeba rangi. Usitegemee wekundu wa kuwaka kama ule wa rangi za dukani. Hii ni damu ya mzee, na mteja aelezwe hivyo.

Kwenye keki na maandazi, bekingi soda itakupa donge la kijivu, na bekingi pauda nayo mara nyingi huleta uzambarau. Tumia hamira, au weka choya kwenye sukari ya kupambia juu. Kwenye maziwa ya kawaida inakatisha, ila kwenye mtindi haina tatizo.

Unapouza

Watu wengi hununua choya wakiamini inaongeza damu. Wekundu wake hautokani na madini ya chuma, na mwenye upungufu wa damu apelekwe zahanati akapimwe. Choya hushusha shinikizo la damu kwa kiasi, hivyo anayemeza dawa za presha amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku. Wajawazito pia hushauriwa waiepuke. Kwenye pakiti andika jina, uzito, tarehe ya kufungasha, namna ya kuandaa na mahali ilikotoka. Usiandike kwamba inatibu. Ukitaka kupeleka bidhaa kwenye maduka makubwa utahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ndiyo pa kuanzia kwa ushauri wa ufungashaji.

Mbegu za msimu ujao zitoke kwenye miti uliyoitia alama mapema, yenye magamba manene na mekundu hadi ndani. Acha vitumba vyake vikauke mtini, lakini vikate kabla havijapasuka, kwa sababu vikipasuka mbegu hudondoka chini na ndege huzimaliza.