Taa ya ulinzi ndo inayokuulia mtego wa nondo

Wakulima wa mahindi Kiwangwa na Msata, mtanisamehe leo nagomba. Mnanunua mtego wa taa wa kunasa nondo, wale vipepeo wa usiku wanaotaga mayai ya viwavi kwenye mahindi, kwa hela yenu afu mnauning'iniza ukutani, hatua tatu kutoka taa ya ulinzi ya sola. Juzi mama mmoja kaniita, "bwana shamba njoo uone, nimepigwa, huu mtego feki." Nikaenda usiku. Kwenye beseni la maji chini ya mtego nondo watatu na mende mmoja. Nikainua macho, ukutani chini ya ile taa nyeupe nondo 19 wametulia kama waliobandikwa gundi, unamgusa kwa kidole anasogea kidogo tu, haruki. Mtego mzima mama yangu, taa yako ndo imewaharibia macho.

Iko hivi. Kwenye seli za jicho la mdudu kuna rodopsini, kitu kinachonasa mwanga, mwanga ukiigonga inaamsha protini, ile protini inaamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinakata mafuta ya utando wa seli, milango ya seli inafunguka na kalsiamu inaingia, hapo ndo jicho limeona. Yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na hii wataalamu wameichambua zaidi kwa yule nzi mdogo wa matunda, drosofila. Sasa kalsiamu hiyohiyo iliyoingia inageuka breki, inapunguza makali ili jicho lisizidiwe. Mwanga ukiwa mkali muda wote breki haiachiwi. Kwa nondo kuna na rangi nyeusi inayosogea ndani ya jicho kuziba mwanga, na kurudi kwenye hali ya giza inaweza kumchukua nusu saa hata zaidi. Kwake yeye hapo ni mchana, na mchana nondo analala. Japani wanafanya hivyo makusudi, wanawasha taa za njano bustanini ili nondo wasiruke. Nyie mnafanya bila kujua halafu mnailaumu taa ya mtego.

Kwa hiyo mita 50 kutoka taa yoyote, na MITA sio hatua za mtoto, na ukisimama kwenye mtego usiione balbu nyingine. Uweke pembeni ya shamba, ukiuweka katikati unawaita wageni mezani. Balbu iwe nusu mita juu ya mahindi, kwa hiyo yakirefuka unapandisha, sio unaweka Machi unausahau mpaka mavuno. Mwanga uwe wa ultravayoleti (UV, ule macho yetu hayauoni) au bluu, nyekundu wengi wao hawaioni. Beseni maji sentimita 5 na sabuni ya unga kijiko kimoja, bila sabuni anaelea anatoka. Washa saa kumi na mbili na nusu jioni kabla giza halijakolea, zima saa tano, ukiacha mpaka asubuhi unamaliza betri na unaua wadudu rafiki bure. Na usimulike tochi kila dakika kumi kuhesabu, hesabu asubuhi!

Siku za mwezi mpevu watapungua, msinipigie simu.

Beseni likijaa nondo, umepatia. Ila nondo jike mmoja wa kiwavijeshi vamizi anaweza kutaga mayai 1500, kwa hiyo kukagua majani mara mbili kwa wiki kuko palepale. Yule mama taa ya ulinzi kaihamishia upande wa barabarani, mumewe ananuna eti sasa banda la kuku liko gizani, hilo wamalizane wenyewe.