Somo: Bustani ya mboga na watoto wadogo, pamoja na maharibiko yake

Mama mmoja humu aliuliza afanyeje ili alime mboga na wanawe bila kupandwa na hasira. Haya ndiyo majibu yangu, kwa wenye watoto wa miaka miwili hadi minane hivi. Mimi ninao wawili, na nimeharibu mengi kabla ya kuipata njia. Niseme mapema: bustanini mikono ya mtoto haisumbui sana. Inayosumbua ni ya mzazi.

Hatua ya 1: Mkatie tuta lake

Usimkaribishe kwenye tuta lako. Mpe lake, hata likiwa beseni kuukuu lililotobolewa chini. La mtu mzima huwa na upana wa mita 1.2 hivi, la mtoto lisizidi sentimita 60, afike katikati bila kukanyaga miche. Lipate jua la saa 6 kwa siku, na liwe mahali mnapopita kila mara, maana la uani huko nyuma atalisahau siku ya tatu.

Binti yangu wa kwanza nilimpa kona ya kivuli ambayo hata magugu yalikuwa yanaikataa. Ulikuwa uchoyo tu, wala sina la kujitetea.

Hatua ya 2: Mbegu zisizokawia

Figili huchipua ndani ya siku 3 hadi 7 na huvunwa baada ya wiki 4 hivi. Maharage huchukua kama siku 7 hadi 10 kuchipua, na mbegu yake ni kubwa, inashikika. Karoti achana nazo kwanza: mbegu kama vumbi, halafu wiki 2 hadi 3 huoni kitu. Kwa mtoto wa miaka 3 huo ni mwaka mzima.

Mbegu zilizopakwa rangi kali mara nyingi zimewekwa dawa, asizishike. Na maharage mabichi si ya kutafuna, yana sumu inayovuruga tumbo mpaka yachemshwe sawasawa.

Hatua ya 3: Udongo

Tumia mboji iliyoiva. Samadi mbichi ina vimelea, na mtoto atapeleka vidole mdomoni upende usipende. Kama ulishaiweka, zipite siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo.

Mkianza kulainisha udongo mtakutana na nyungunyungu, na hapo kazi itasimama. Iache isimame. Mwambie nyungunyungu hana macho na anapumua kwa ngozi, hivyo akikauka anakufa. Wangu mdogo aliposikia hivyo alikaa nusu saa nzima akimtemea mate mmoja aliyekuwa kiganjani, ili asife. Siku hiyo hatukupanda kitu.

Hatua ya 4: Kupanda

Kipimo ni kidole chake: kizame mpaka fundo la pili kwa maharage, nusu ya hapo kwa figili. Utageuka kidogo kuchukua maji, ukirudi shimo moja lina mbegu kumi na saba. Usizitoe. Zikichipua mtapunguza miche pamoja.

Kuna jambo jingine: atafukua. Kila asubuhi atataka kuona kama “imeamka”. Dawa yake ni gilasi. Kunja karatasi laini yenye unyevu, izungushe ndani ya gilasi, kisha penyeza maharage mawili matatu kati ya karatasi na kioo. Mzizi utatoka kwanza. Ukishafika urefu wa kucha, laza gilasi ubavu usiku mmoja. Kesho mtaukuta umepinda kuelekea chini. Ya ardhini yatapona maana macho yote yatakuwa kwenye gilasi.

Hatua ya 5: Kumwagilia

Toboa kifuniko cha chupa ya plastiki matundu kumi hivi, ujaze maji, umpe. Chupa ndogo, maji machache. Ndoo yenye maji usiiache wazi hata dakika moja. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5.

Hatua ya 6: Kupalilia

Hapa ndipo nilipolia. Nilimwonyesha mdogo, akiwa na miaka 3, jinsi ya kung’oa magugu. Akaenda kwenye tuta langu, akarudi na kikombe kimejaa miche yangu ya karoti, mizizi imepangwa upande mmoja vizuri kabisa. Magugu aliyaacha yamesimama. Ukiitazama kwa macho yake, karoti changa ndizo zilizokuwa laini kung’oa. Siku hizi nazungushia miche uzi mwekundu: ndani ya uzi hapaguswi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Maharage ya binti yangu yalinyauka, na mimi usiku nikang’oa yale maiti, nikahamishia miche mitatu mizuri kutoka kwenye tuta langu. Asubuhi akachuchumaa, akatazama kimya. “Huyu siye wangu. Wangu alikuwa na jani lenye tundu.” Nilijitahidi kueleza, maneno yakagoma. Tangu siku ile mche wake ukifa, unakufa mbele yake, na tunauchimbua kuangalia kilichouua.

Hatua ya 7: Kuvuna

Avune mwenyewe, anawe mikono, mboga ioshwe. Basi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Pacha: Asante kwa somo dada. Wangu wanagombania chupa moja, na kila anayeshinda anamwaga yote. Miche imelegea shingoni, inalala chini. Ni wadudu?

Jibu: Pole mama. Hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo uliolowa muda wote. Iliyolala haitaamka. Panda upya, mwagilieni asubuhi, na kabla ya chupa waingize kidole: kikitoka na udongo uliogandia, leo hakuna maji. Mapenzi ya kumwaga yaliyobaki wayapeleke kwenye mti mkubwa. Na tafuta chupa ya pili, tafadhali.

Baba Watatu: Boga letu linatoa maua mengi, yanaanguka, hakuna tunda hata moja. Nimemshuku mwanangu wa kati, anapenda kuchuma maua.

Jibu: Mwombe msamaha kwanza, kaka. Boga lina maua ya kiume na ya kike, na ya kiume hutangulia kisha huanguka yenyewe. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake, kama gololi. Likifunguka asubuhi, huyo mchuma maua mpe kazi: achume la kiume, amenye petali, apake ile chavua katikati ya la kike. Ila mwonyeshe gololi kabla hajachuma chochote.

Bibi wa Wajukuu: Mwanangu, mjukuu amekula udongo, mdomo mzima.

Jibu: Shikamoo bibi. Msuuze kinywa, mpe maji. Mara moja kwa kawaida haileti shida. Lakini kama palikuwa na samadi, kinyesi cha paka au dawa ya wadudu, piga simu kwa daktari leo hii. Akiwa na tabia ya kuutafuta kila siku apimwe damu, wakati mwingine ni upungufu wa madini ya chuma. Na hilo tuta lifunikwe usiku, paka hupenda udongo uliolainishwa.

Mgeni Mpya: Watu husema mtoto hula mboga aliyoipanda mwenyewe. Wa kwangu amezitazama figili zake, akasema zinawasha, akazirudisha shimoni.

Jibu: Wangu alizifukia tena na kuzimwagilia siku nne. Sikumzuia.

Mama Pacha: Dada, nimepata chupa ya pili. Sasa wanagombania nani atoboe kifuniko.