Unajua kazi lakini huna karatasi? Hivi ndivyo ujuzi wako unaweza kuhesabiwa chuoni

Wadau, hii maneno ya kuingia chuo ukiwa tayari unaijua kazi nimeulizwa inboksi mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, wacha niiandike yote hapa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, miaka tisa Kariobangi Light Industries hapa Nairobi, shule niliachia fom tuu karo ilipokatika, na sai niko chuo cha ufundi levo ya 5, ile iko moja chini ya diploma. Levo ya 3 na ya 4 sikukalia darasa hata siku moja. Ile miaka ya kula moshi pale Light ndiyo ilihesabiwa.

Cha kwanza, na hiki wengi wanakifanya mwisho: usilipie mtihani wowote kabla hujajua unataka kuingia wapi. Nenda chuo unachokitaka, ingia ofisi ya usajili, uliza hivi, "Nina kazi fulani mkononi, sina cheti, mnakubali karatasi gani na inanifikisha levo gani?" Wakikujibu kwa mdomo waombe wakuandikie, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili. Mimi nilianza kinyume. Kuna jamaa mmoja wa saiba aliniambia nimpe elfu kadhaa ataniletea cheti bila mtihani, nikatuma, kweli karatasi ikaja, imenyooka, ina muhuri na kila kitu. Chuoni yule mama wa usajili akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza polepole, "Kijana, hii ulipewa na nani?" Nilitoka jasho kama niko juani. Alinirudishia tu, na angetaka angeita polisi. Cheti cha kweli kina namba na ofisi iliyokitoa inaweza kuangalia kwa rekodi zake, kwa hivyo hiyo njia ya panya isahau kabisa.

Tuingie kwa njia zenyewe. Kwa mafundi wa mkono iliyo karibu zaidi ni mtihani wa gredi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Ukisikia mtu wa mjengo anasema "niko na gredi tuu" anaongea kuhusu hii. Gredi 3 ndiyo ya chini, unapanda 2, halafu 1 ndiyo ya juu, watu wengi wanaigeuza. Ofisi kuu iko Commercial Street pale Industrial Area, na wana vituo vingine Athi River, Kisumu na Mombasa. Uzuri wake ni kwamba haijalishi ulifundishwa na mwalimu au na mjomba wako nyuma ya nyumba, wanataka kuona mkono unafanya nini.

Lakini usiende na kiburi cha miaka. Nilienda na kiburi, nikiwaza mimi natengeneza mageti mawili kwa wiki, mtaniuliza nini? Nikapewa vipande viwili vya chuma, rodi chache za kuhesabika, na karatasi yenye mchoro. Chuma sikukiogopa. Mchoro ndio ulininyamazisha. Kulikuwa na alama ndogo ya pembetatu juu ya mstari, yenye mshale na namba kando, na mimi kwa miaka yote hiyo mchoro wangu ulikuwa ni mteja kunionyesha picha kwa simu akisema "nifanyie kama hii." Ile pembetatu kumbe inakuambia aina ya mshono wa kuchomelea, na upande ilipokaa kwa ule mstari unakuambia uchomelee upande gani wa chuma. Nilikisia, nikapatia kwa bahati, lakini dakika kama kumi zilipotea nikikodolea karatasi macho wakati jirani yangu, kijana mdogo aliyetoka polytechnic, keshawasha mashine. Kwa hivyo ukijiandaa, kazi ya mkono ipe siku mbili, hizo siku zingine zote soma michoro, vipimo, majina ya vifaa vile yanaandikwa kwa vitabu, na usalama. Pia usianze kuchomelea bila kuvaa maski na glavu eti kwa sababu umezoea kufunga jicho moja. Mtahini anakuangalia tangu unapoingia, si wakati rodi inawaka peke yake.

Njia ya pili ndiyo ilinibeba, nayo ni RPL, yaani kutambuliwa kwa ujuzi uliopata nje ya darasa. Msingi wake ni ile sheria ya mfumo wa sifa za kitaifa ya 2014 iliyounda KNQA, mamlaka inayosimamia mfumo huo. Huo mfumo ni ngazi 10, diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza ni ya 7, PhD ndiyo ya 10, na wazo lenyewe ni kwamba mtu anaweza kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujali mlango alioingilia. Hii ni muhimu sana kwetu tusio na gredi nzuri ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa sababu ukienda moja kwa moja diploma ya ufundi utaulizwa C- na levo ya 5 utaulizwa D, lakini ukiwa na cheti cha levo ya chini unapanda nacho. Kwa kozi za umahiri, zile za kisasa, wanaotahini na kutoa vyeti ni CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi, na mtihani unafanyika kwa vituo walivyovikubali, vingi ni hivi hivi vyuo vya ufundi tunavyovijua. Uliza chuo kilicho karibu nawe kama ni kituo cha RPL na kwa kazi gani, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kinatahini mafundi bomba na hakitahini washonaji.

Hapa hakuna alama ya asilimia. Kazi yako inakatwakatwa kuwa yuniti, na kila yuniti unaambiwa umahiri upo au bado. Ukisikia "bado" kwa yuniti moja si kwamba umefeli yote, unajipanga unairudia hiyo.

Na sasa kitu ambacho kinaangusha watu: faili la ushahidi. Kabla ya mtahini kukuona unafanya kazi, anataka uthibitishe kwamba umekuwa ukiifanya. Wengi wanaleta picha ya geti limeshapakwa rangi, linang'aa, na hawamo kwa picha. Hiyo inathibitisha kwamba geti lipo tu. Piga picha tatu kwa kila kazi: ukipima na kukata, ukichomelea maski ikiwa usoni, na mwisho kazi ikiwa imefungwa mahali pake. Video ya dakika moja ukieleza unachofanya ni bora kuliko picha ishirini. Zitume kwa barua pepe yako siku hiyo hiyo. Nasema hivi kwa uchungu, nilinyang'anywa simu Muthurwa nikishuka kwa matatu na picha za miaka minne zikaenda nayo, ikabidi nianze kupigia wateja wa zamani nikiwaomba waende nje wapige picha ya mlango wao.

Meseji za M-Pesa usizifute. Mteja akikutumia pesa ya geti ile meseji ina tarehe, ina kiasi, ina jina, ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani, na zikipotea unaweza kuomba taarifa ya akaunti. Risiti za hadwea za mabomba na mabati weka. Kile kijitabu cha kotesheni kilichojaa mafuta, usikitupe, kiskani hivyo hivyo kilivyo. Kama umewahi kulipia leseni ya biashara ya kaunti, hiyo pia weka.

Barua ya fundi mkuu au bosi ni lazima iwe ya maana. Yangu ya kwanza iliandikwa "ni kijana mwenye bidii na heshima, naomba asaidiwe." Nikaambiwa hii ni ya kuombea kazi, sijui mchungaji ndiye aliandika. Nikarudi kwa mzee, tukakaa chini na chai, tukaandika upya: amefanya kazi kwangu tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani, amekuwa akipima, kukata na kuchomelea mageti, grili na ngazi, anatumia mashine ya kuchomelea na grainda bila kusimamiwa, na amefundisha vijana wawili. Namba ya simu chini, sahihi, basi. Hiyo ilipita.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao hakuna aliyeniambia. Chukua orodha ya yuniti za kazi yako, iko kwa chuo, omba hata fotokopi, weka kando ya faili lako uandike kila ushahidi unajibu yuniti gani. Utashangaa geti moja linaweza kujibu yuniti tatu au nne, kupima, kukata, kuunganisha, kumalizia, na utashangaa pia kuna yuniti huna chochote. Mimi sikuwa na kitu kwa dijitali. Ndio, dijitali, kwa sababu hizo kozi zina yuniti za msingi kama mawasiliano, hesabu, kompyuta, ujasiriamali, mazingira na usalama kazini, na mafundi wengi wanaanguka hapo wala si kwa kazi yenyewe. Ilibidi nikae na dada yangu mdogo jioni kadhaa Umoja akinifundisha kuandika barua pepe na kutengeneza jedwali la bei, nikiudhika, naye akicheka vile naogopa kipanya. Unajua kushika grainda na kile kijitu kinakutetemesha mkono!

Kwa watu wa ofisi nitapita haraka kwa sababu si mtaa wangu. Kama wewe ni wa hesabu na umesoma diploma au digrii yenye masomo ya uhasibu, KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu pale Upper Hill, wana utaratibu wa kukusamehe baadhi ya makaratasi ya CPA, mtihani wao wa uhasibu, lakini haiji yenyewe, unaomba, unaambatisha matokeo yako, na unalipia kila karatasi unayosamehewa. Na ukihama chuo kikuu kimoja kwenda kingine unaweza kubeba masomo uliyopita, ila hawatachukua yote, lazima sehemu kubwa uisomee kwao ndio wakupe digrii yao. Beba silabasi, si matokeo peke yake. Bila silabasi hawawezi kujua "Hesabu ya Biashara" ya kule ni sawa na ya kwao, na hapo watakuambia uanze mwanzo.

Sasa wale wenye ndugu Marekani, maana hili swali halikosi. Kule kuna mtihani unaitwa CLEP, wa College Board, hao hao wa SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya kule. Una masomo 34, kila mmoja ni saa moja na nusu au zaidi kidogo, alama zinaanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa na baraza lao la elimu, ACE, kuwa inatosha kukupa kredi za somo hilo, zile pointi zinazojumlishwa hadi digrii, bila kulikalia darasani. Pendekezo, sikia vizuri. Chuo kinaweza kukataa, kinaweza kutaka alama ya juu zaidi kwa somo fulani, kinaweza kuweka kikomo cha kredi za aina hiyo. Ndiyo maana binamu yangu alifanya mbili na moja ikakaa bure, chuo chake hakikuihitaji kwa kozi yake. Vyuo vingine kule pia vinapokea faili la ushahidi wa kazi kama letu hili, unaandika insha ndefu ukieleza ulichojifunza, si ulichofanya, na mwalimu wa somo hilo anaipima.

Na hapa kuna kitu Waswahili hatukijui. CLEP ina lugha tatu tu, Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, Kiswahili hakimo. Lakini kuna ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, lina mtihani wa kuongea ambao unapatikana kwa Kiswahili, unahojiwa, unapewa kiwango, na ACE wanapendekeza kredi kulingana na kiwango hicho. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa Eastlands anaweza kwenda kule na lugha ya mama mboga ikamhesabia chuoni kama somo. Aulize chuo chake kwanza kama kinaikubali. Ila aongee Kiswahili cha kueleweka, asiende kumwaga sheng tupu pale.

Ukisoma digrii ya nje kwa mtindo huo wa kuunganisha kredi ukitaka kurudi kuitumia hapa nyumbani, uliza mapema CUE, ile tume ya elimu ya vyuo vikuu kule Gigiri, na KNQA kama chuo hicho wanakitambua. Mapema maanake kabla ya kulipa karo.

Pesa: uliza ada yote kwa mara moja, ya kujisajili, ya kutathminiwa, ya vifaa na ya cheti, kwa sababu wengine wanakutajia ya kwanza tu. Lipa kwa namba rasmi, eCitizen ule mtandao wa malipo ya serikali, au akaunti ya taasisi, kamwe si kwa simu ya mtu. Siku yenyewe nenda na kitambulisho cha asili, overoli, buti zako mwenyewe na miwani yako ya kukinga macho. Buti za kuazima zitakubana na utafanya kazi ukiwaza vidole.

Yule mzee aliyeniandikia barua alinipigia wiki mbili zilizopita. Amefundisha vijana wengi kuliko chuo kingine, na hana karatasi hata moja. Aliuliza kwa sauti ya chini kama anauliza kitu cha aibu, "Na mimi wananikubali, ama nimezeeka?" Nikamwambia anikute Jumamosi. Tulianzia Buruburu, mimi na simu, yeye mbele akitembea akinionyesha na fimbo, hili nililifanya mimi, hili pia, lile la kijani ni la mwanafunzi wangu usipige. Tumefika mageti kumi na saba na bado hatujaingia Umoja.