Jinsi ya kupanga mfuko wa kujifungulia wa kupeleka kambini Nyarugusu

Kina mama wa Mbeya mnaouliza tuwapelekee nini wenzetu kule Kasulu, jamani mitumba ya watu wazima punguzeni. Kambi ile ya wakimbizi ipo tangu 1996, Wakongo na Warundi wamekimbilia huko, na wajawazito hawakosekani.

Kila mama mfuko wake: makintoshi (shiti la plastiki) ya kutandika, glovu, sabuni ya mche, wembe mpya kwenye karatasi yake, vibanio vya kitovu, pamba, pedi kubwa na doti ya khanga. Soko la Mwanjelwa vyote vipo ila glovu chukueni duka la dawa, zile za saluni achaneni nazo kabisa. Khanga zifueni kwanza mzianike juani mzipige pasi ndo mkunje, maana kitambaa kipya kina wanga hakinyonyi maji, na kichanga anatakiwa akaushwe fasta asishikwe na baridi.

Maziwa ya kopo na chupa msiweke hata kama roho inauma, bila maji salama mtoto ataharisha tu.

Wekeni na kikaratasi, Kiswahili na Kirundi, kwamba mfuko huu ni wa kwenda nao kituo cha afya sio kuzalia nyumbani, na ukiona damu, kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, degedege, homa, au mtoto kaacha kucheza tumboni, nenda hata kama ni usiku.

Halafu kambini huingii hivihivi, kibali ni Wizara ya Mambo ya Ndani, kiombeni kabla hamjapakia gari, Sumbawanga Mpanda Kasulu sio karibu.